Nani anamiliki mapigo ya moyo wa mkimbiaji?

Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya Strava, yenye programu mashuhuri ya kurekodi mbio na safari za baiskeli, iliishtaki kampuni ya Garmin, ambayo saa zake ni miongoni mwa zinazoilisha programu hiyo taarifa kila siku. Kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho ya jimbo la Colorado nchini Marekani. Strava ilidai kuwa Garmin imekiuka hataza zake zinazohusu vipande vya njia ambavyo wanamichezo hushindania muda, na ramani zinazoonyesha njia zinazopitiwa na watu wengi. Iliiomba mahakama izuie uuzaji wa vifaa vyenye huduma hizo. Wiki tatu baadaye, tarehe 21 Oktoba, Strava iliiondoa kesi hiyo yenyewe.

Chanzo halisi cha ugomvi kilielezwa hadharani na Strava kabla hata majaji hawajalifungua jalada. Garmin ilikuwa imetoa masharti mapya kwa kila programu inayopokea taarifa kutoka kwenye vifaa vyake: jina la Garmin lionekane kando ya taarifa hizo, na mwisho wa kutekeleza ni tarehe 1 Novemba. Strava iliyaona masharti hayo kuwa ni tangazo la bure. Garmin iliyaona kuwa ni haki ya aliyeleta mzigo kutajwa. Katika mabishano yote hayo, aliyekimbia na kutoka jasho hakuwa upande wowote wa kesi.

Mkimbiaji wa kawaida hana habari na hataza. Anachokijua ni kwamba alfajiri alijifunga mkanda kifuani, akabonyeza kitufe cha saa, akakimbia kilomita 12, na aliporudi nyumbani mchoro wa mapigo ya moyo wake ulikuwa tayari kwenye simu. Kati ya kifua na mchoro huo mna mnyororo wenye pingili nne: mkanda unaopima, saa inayopokea, simu inayopitisha na programu inayohifadhi. Mara nyingi kila pingili ina mwenyewe. Mkanda unaweza kuwa wa kampuni ya Finland, saa ikawa ya Marekani au China, mfumo wa simu ukawa wa Google au Apple, na programu ikawa ya San Francisco. Hakuna mkataba mmoja unaowafunga wote wanne. Kinachoufanya mnyororo ushikane ni viwango vya wazi vya mawasiliano na, kwa kiasi kikubwa kuliko watumiaji wanavyodhani, hiari ya kampuni zenyewe.

Hiari hiyo ndiyo inayopungua.

Mkanda ulitangulia saa

Leo mkanda wa kifuani huuzwa kama kiambatanisho cha saa. Kihistoria mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1977 Seppo Säynäjäkangas wa Chuo Kikuu cha Oulu alianzisha kampuni ya Polar huko Kempele, kaskazini mwa Finland, baada ya kocha wa mbio za kuteleza kwenye theluji kulalamika kwamba hana njia ya kuaminika ya kupima mapigo ya wanamichezo wake wakiwa mazoezini. Mwaka 1982 kampuni hiyo ilitoa kifaa chake cha kwanza kisichotumia waya cha kupima mapigo: kisambazaji kifuani, kipokezi mkononi. Kazi ya kupima ilifanywa na kifua. Mkono ulikuwa kioo cha kusomea tu.

Sababu ni ya kimaumbile. Kila moyo unapodunda hutanguliwa na msukumo mdogo wa umeme, na msukumo huo hufika hadi kwenye ngozi. Mkanda una elektrodi mbili zinazounasa umeme huo moja kwa moja, kwa namna inayokaribiana na mashine ya hospitali ingawa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana hupendekezwa uloweshwe maji kidogo kabla ya kufungwa: ngozi kavu hupitisha umeme vibaya, na dakika za mwanzo za mazoezi, kabla jasho halijatoka, ndizo zenye namba za ajabu ajabu.

Saa ya mkononi hufanya kazi nyingine kabisa. Humulika ngozi kwa mwanga, mara nyingi wa kijani, na kupima kiasi kinachorudi. Damu inapojaa kwenye mishipa midogo hunyonya mwanga zaidi. Inapopungua hunyonya kidogo. Programu ndani ya saa huhesabu mawimbi hayo na kukisia mapigo. Mtu akiwa ameketi, makisio huwa mazuri. Anapoanza kukimbia, mkono unatikisika, saa inacheza juu ya mfupa, baridi inaibana mishipa, na kifaa kinalazimika kutenganisha wimbi la damu na wimbi la hatua. Wakati mwingine hushindwa kuyatenganisha: mkimbiaji anayepiga hatua 175 kwa dakika huonyeshwa mapigo 175 ilhali moyo wake uko kwenye 140, na hana namna ya kujua kwa kuitazama saa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa vifaa saba vya mkononi kwa washiriki 60. Vifaa sita kati ya saba vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Kwa upande wa nishati inayochomwa mwilini hakuna hata kimoja kilichofanya vyema. Kilichokaribia zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Takwimu hizo za nishati bado zinaonyeshwa kwenye vioo vya saa kwa uhakika wa risiti ya duka.

Uchunguzi huo uliona pia kwamba kosa la mapigo lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walilipima suala hilo kwa makusudi na hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Walichokiona ni kwamba harakati zenyewe ndizo zinazoharibu kipimo. Matokeo haya mawili hayajafunga mjadala, na si busara kuuchanganya na ule wa vipima oksijeni vya kidoleni, ambako ushahidi una uzito zaidi: utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuugundua ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Mkanda wa kifuani hauhusiki na mjadala huu hata kidogo, kwa kuwa hautumii mwanga. Kwa mnunuzi wa Kampala au Mwanza, hiyo peke yake ni hoja ya kuupendelea.

Umuhimu wa usahihi huonekana pale namba inapogeuka kuwa amri. Saa nyingi huyagawa mazoezi katika kanda tano za mapigo, na kanda hizo hujengwa juu ya makisio ya kiwango cha juu kabisa ambacho moyo unaweza kufikia. Kanuni iliyozoeleka ni 220 kutoa umri. Hiyo ni kanuni ya wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kutofautiana nayo kwa mapigo kumi au zaidi, juu au chini, bila kuwa mgonjwa. Anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo yuko nje yake kabisa. Kipimo chenye kosa kikiwekwa juu ya kanuni yenye kosa, ushauri unaotoka hapo wa kupumzika au kuongeza kasi hauna tofauti kubwa na kurusha sarafu.

Lugha mbili za redio

Mkanda na saa huzungumza kwa mawimbi ya redio, na kwa miaka mingi zimekuwapo lugha mbili. Ya kwanza ni ANT+, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Dynastream ya Cochrane, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, ambayo Garmin iliinunua mwaka 2006. Ya pili ni Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, ambayo chama cha kampuni zinazosimamia teknolojia hiyo kiliiwekea utaratibu wa pamoja wa kutuma mapigo ya moyo mwaka 2011.

Tofauti yao ni kama ya mpiga mbiu na mpiga simu. Mkanda wa ANT+ hupiga mbiu: hutangaza mapigo hewani, na kifaa chochote kilicho karibu, saa, kompyuta ya baiskeli au mashine ya mazoezi, kinaweza kusikiliza kwa wakati mmoja. Mkanda wa Bluetooth hupiga simu: huunganishwa na kifaa kimoja, au viwili kwa baadhi ya mikanda ya kisasa kama H10 ya Polar, na laini ikishakuwa na mtu, mwingine hukuta inatumika.

Kutoielewa tofauti hii ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya malalamiko ya wanunuzi. Mtu hununua mkanda, huufunga, kisha huenda kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu na kuuunganisha kama anavyounganisha spika. Simu inaukamata. Anapofungua saa, saa haiuoni. Anapofungua programu nyingine, nayo haiuoni. Hitimisho lake huwa kwamba kifaa ni kibovu, ilhali kiko kwenye mazungumzo na simu iliyomo mfukoni. Njia sahihi ni kuuoanisha mkanda ndani ya saa yenyewe, katika orodha ya vihisi, au ndani ya programu itakayorekodi, na kuiacha mipangilio ya jumla ya simu. Baada ya hapo saa nyingi huupa mkanda kipaumbele na kukiweka kando kihisi chao cha mkononi. Waogeleaji wana tatizo lao: mawimbi ya redio hayasafiri vizuri majini, kwa hiyo mikanda ya kuogelea huhifadhi kumbukumbu ndani yake na kuikabidhi kwa saa mtu anapotoka bwawani.

Yote hayo ni ya ufundi. Lililo la kisiasa ni nani anayeamua lugha ipi iendelee kuzungumzwa.

Oktoba 2019 Strava iliondoa katika programu yake ya simu uwezo wa kupokea mapigo moja kwa moja kutoka kwenye mikanda, ikitaja matatizo ya uthabiti wa programu. Aliyekuwa na saa hakuguswa sana, kwani saa ilirekodi na kupeleka faili. Aliyekuwa na simu na mkanda tu aliachwa mikono mitupu. Kifaa kilikuwa kizima, kiwango cha mawasiliano kilikuwa wazi, na bado mlango ulifungwa. Mwaka uliofuata uwezo wa kuunganisha mikanda ya Bluetooth ulirejeshwa. Uamuzi ule wa kwanza haukuhitaji idhini ya mtu yeyote nje ya kampuni, na wa pili vilevile.

ANT+ nayo imeingia machweo. Garmin ilitangaza kwamba mpango wa uanachama na wa kuthibitisha vifaa vya ANT+ unafikia kikomo tarehe 30 Juni 2025. Mikanda iliyopo itaendelea kufanya kazi, na vifaa vinavyoielewa lugha hiyo vimejaa duniani, lakini hakuna tena mthibitishaji wa vifaa vipya. Moja ya sababu zilizotajwa inatoka Ulaya: masharti ya usalama wa mtandao chini ya sheria ya vifaa vya redio ya Umoja wa Ulaya, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025, yanadai kifaa cha redio kinachobeba taarifa binafsi kizilinde. Lugha iliyobuniwa ili isikike na kila aliye karibu haiwezi kulitimiza sharti hilo kirahisi.

Hapa kuna kinaya kisichopendeza. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mkimbiaji imesaidia kuizika lugha iliyomruhusu kununua mkanda wa kampuni moja na saa ya kampuni nyingine bila kumwuliza mtu. Watetezi wa sheria watasema, na wana haki, kwamba mapigo ya moyo yanayotangazwa hewani bila kufungwa kwa ufunguo ni taarifa ya afya inayoweza kunaswa na yeyote mwenye kipokezi cha bei nafuu. Hofu iliyopo ni kuwa ulinzi utatafsiriwa na watengenezaji kama kisingizio: mkanda salama ni ule unaozungumza na saa yetu tu. Usimbaji wa taarifa na uwazi wa viwango vinaweza kwenda pamoja. Inahitaji kampuni zitake, au zilazimishwe.

Brussels na Apple, Brussels na Google

Kulazimisha kumeanza. Machi 2025 Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, ikitumia Sheria ya Masoko ya Kidijitali, iliiagiza Apple ifungue vipengele tisa vya mfumo wa iPhone ili saa, vipokea sauti na vifaa vingine vya kampuni pinzani viweze kuunganishwa kwa urahisi unaokaribia ule wa vifaa vya Apple yenyewe. Kwa miaka mingi mwenye iPhone aliyevaa saa ya Garmin au Polar alikubali kwamba baadhi ya mambo hayatawezekana, hata kama saa yake ina uwezo. Apple ilikata rufaa, ikidai kuwa agizo hilo linahatarisha faragha ya watumiaji na linaipa nafasi kampuni nyingine kuvuna kazi yake. Septemba mwaka huohuo ilianza kuuza vipokea sauti vya AirPods Pro 3 vinavyopima mapigo ya moyo sikioni. Mkanda, saa, sasa sikio: kila sehemu ya mwili inayopata kihisi inaongeza mlango mwingine wa kugombaniwa.

Kisa cha Fitbit kina uzito zaidi kwa wasomaji wa ukanda huu. Novemba 2019 Google ilitangaza kuinunua kampuni hiyo ya saa na bangili za mazoezi kwa dola bilioni 2.1. Brussels ilikubali Desemba 2020 kwa masharti ya miaka kumi: Google isitumie taarifa za afya za watumiaji wa Fitbit kwa matangazo, izitenge na taarifa nyingine inazozitumia kwa biashara hiyo, na iendelee kuziruhusu programu za wengine kuzipata taarifa hizo mtumiaji anaporidhia. Sharti la matangazo linaweza kurefushwa kwa miaka mingine hadi kumi. Ni masharti mazito kuliko yote yaliyowahi kuwekwa hadharani kuhusu mapigo ya moyo ya raia wa kawaida. Ulinzi wa kutotumiwa kwa matangazo katika masharti hayo uliandikwa kwa ajili ya watumiaji walioko katika Eneo la Uchumi la Ulaya.

Thamani ya taarifa

Kwa nini kampuni zenye mabilioni zigombane juu ya namba inayopanda na kushuka kati ya 50 na 190? Kwa sababu mapigo ya moyo yakikusanywa mwaka mzima huacha kuwa namba ya mazoezi. Mapigo ya mtu akiwa amepumzika hupanda anapougua, anapokunywa pombe, anapokosa usingizi; hubadilika wakati wa ujauzito. Yakiunganishwa na mahali na saa, yanaeleza maisha.

Kampuni ya bima ya Discovery ya Afrika Kusini iliitambua thamani hiyo mapema. Katika mpango wake wa Vitality mwanachama huunganisha saa yake na hupata pointi kulingana na asilimia ya kiwango cha juu cha mapigo kinachokadiriwa kwa umri wake, na pointi humletea punguzo na zawadi. Mpango huo una mashabiki wengi na huenda umewatoa wengi kwenye viti. Lakini humo humo, kosa la kihisi linageuka kuwa fedha: mapigo yaliyosomwa chini ya ukweli ni pointi zilizopotea. Haishangazi kwamba baadhi ya wanaojali pointi hujifunga mkanda.

Mahakama nazo zimeanza kusoma saa. Katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, mwanamume alitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kumuua mkewe mwaka 2015. Miongoni mwa ushahidi ulikuwa kumbukumbu ya Fitbit ya marehemu, iliyoonyesha kwamba alikuwa akitembea nyumbani wakati ambao mume alidai tayari ameuawa na mvamizi. Upande wa usalama, ramani ya jumla ya Strava iligunduliwa Januari 2018 kuwa inachora mipaka ya kambi za kijeshi nchini Syria na Afghanistan kupitia njia za askari wanaokimbia asubuhi, na Oktoba 2024 gazeti la Ufaransa la Le Monde lilionyesha jinsi mienendo ya viongozi wakuu wa dunia inavyoweza kufuatiliwa kupitia mazoezi ya walinzi wao. Askari hao na walinzi hao hawakudukuliwa. Waliunganisha tu saa na programu, wakaacha mipangilio kama walivyoikuta.

Taarifa pia hupotea. Julai 2020 Garmin ilishambuliwa na wadukuzi waliofunga mifumo yake, na kwa siku kadhaa saa duniani kote zilirekodi mbio ambazo hazikuwa na pa kwenda. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo programu ya Endomondo, iliyoanzishwa Denmark na kununuliwa na Under Armour, ilizimwa. Watumiaji walipewa muda wa kupakua kumbukumbu zao. Waliochelewa walipoteza historia ya miaka ya mazoezi, ingawa mioyo iliyoitengeneza bado ilikuwa ikidunda.

Iten, Kapchorwa na ofisi za ulinzi wa data

Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, Iten ikiwa katika mwinuko wa takriban mita 2,400, mabingwa wa dunia walipatikana muda mrefu kabla ya saa janja. Kundi ndilo lililoamua kasi, kocha akitazama pumzi na hatua. Hali imechanganyika sasa. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna Oktoba 2019, ametangaza saa za kampuni ya Coros, na wageni wanaokuja kuishi na kufanya mazoezi Iten kwa wiki chache hufika wakiwa na mikanda vifuani. Kwenye mwinuko huo moyo wa mgeni hudunda kasi zaidi kwa mwendo uleule aliouzoea pwani au Ulaya, na kanda za mapigo alizowekewa na saa nyumbani kwake humdanganya katika siku za mwanzo. Mwenyeji anayekimbia naye hahitaji kifaa kumweleza hilo.

Kwa kijana wa Kapchorwa, Arusha au Goma mwenye ndoto ya mbio ndefu, hesabu ni ya bei. Saa nzuri inagharimu mamia ya dola. Mkanda wa kiwango cha juu ni karibu dola 100, na ipo mikanda ya bei ya chini zaidi inayotumia utaratibu uleule wa wazi wa Bluetooth. Simu za Android zimeweza kuuelewa utaratibu huo tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013. Kwa hiyo mkanda na simu aliyonayo tayari ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata kipimo cha kuaminika, tena chenye usahihi unaoweza kuizidi saa ya bei mara tano. Njia hiyo inategemea kitu kimoja: programu kuendelea kuupokea mkanda wowote. Uamuzi kama ule wa Strava wa mwaka 2019 humwumiza mwenye simu tu kuliko mwenye saa, na mwenye simu tu ndiye aliye wengi huku kwetu.

Sheria hazikosekani. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022 na kuanza kuitumia Mei 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanuni ya kidijitali ya mwaka 2023. Sheria ya Kenya inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na inampa mtu haki ya kuhamisha taarifa zake kutoka kwa mtoa huduma mmoja hadi mwingine. Kwa mwenye saa, haki hiyo ina umbo la kawaida kabisa: faili la mazoezi ambalo huduma nyingi hukubali kulitoa na programu nyingine hulisoma. Anayelipakua mara kwa mara na kuliweka kwenye kompyuta yake hana cha kuogopa kampuni zinapogombana. Ni wachache wanaofanya hivyo.

Swali limekuwa utekelezaji dhidi ya kampuni ambazo hazina hata ofisi katika nchi hizi, na majibu yameanza kuonekana. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru kufutwa kwa taarifa za kibayometriki ambazo mradi wa Worldcoin ulizikusanya kwa kupiga picha macho ya Wakenya. Macho si moyo, lakini msingi wa hukumu unahusu taarifa zinazotoka kwenye mwili na ridhaa iliyopatikana kwa njia isiyofaa, na wanasheria wa kampuni za saa hawatakuwa wameupita bila kuusoma.

Julai 2025, ofisi ya ulinzi wa data binafsi ya Uganda iliamua kwamba Google imekuwa ikikusanya na kuchakata taarifa za Waganda bila kusajiliwa kama sheria inavyotaka, na ikaipa siku 30 kujisajili. Google ni mmiliki wa Fitbit. Mtumiaji wa Fitbit mjini Berlin analindwa na ahadi ya miaka kumi iliyowekwa Brussels ili kampuni hiyo ipate idhini ya kununua. Wa Kampala hakutajwa katika ahadi hiyo, na kinga yake inaanzia kwenye uamuzi huo wa usajili.